KUSIKILIZA UONGOZI WA MUNGU KATIKA MAMBO YA KILA SIKU

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama mmoja, karani, mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Machakos)



 Halmashauri iliniagiza niseme machache juu ya namna mtu awezavyo kujifunza kusikiliza uongozi wa Mungu katika mambo ya kila siku. Mimi si mchungaji wala mwinjilisti. Mimi ni karani, niliyepata masomo yangu katika shule ya sekondari ya misheni, na siku zangu hupita kati ya majalada na mihuri. Kwa hiyo nitasema kwa mifano ya kazi yangu na ya nchi yetu hii.

Labda wengine watauliza: Jambo hili lahusianaje na chama cha ustawi, ambacho kazi yake ni kuzika wafu, kuwasaidia wajane na kuwalipia watoto karo? Jibu langu ni hili. Kila shilingi itokayo katika sanduku letu hutoka kwa uamuzi, na kila uamuzi huzaliwa na sauti fulani iliyosikilizwa. Leo hii, baada ya taarifa ya mtunza hazina, tutasomewa orodha ya wanachama waliokaa zaidi ya miezi sita bila kutoa ada, nasi tutaulizwa kama majina yao yafutwe. Kati yao wamo wagonjwa. Mmoja amekwisha kufariki, na mjane wake ameleta ombi lake mbele yetu. Kanuni ya chama i wazi, na mtunza hazina wetu ni mtu mwaminifu anayetaka kuilinda. Lakini tutakapoinua mikono yetu, tutakuwa tumesikiliza sauti ya nani?

Sisi watu wa Ukambani hatuhitaji kufundishwa kwamba kuna maneno yatokayo mbali kuliko kinywa cha mwanadamu. Tangu utoto tumesimuliwa habari za Syokimau, yule mama mtabiri aliyeona, kabla reli haijajengwa, nyoka mrefu atemaye moto akipita katika nchi. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na leo jina la mama huyo limeandikwa juu ya kituo cha gari moshi kilichofunguliwa mwaka 2012. Ni haki tumheshimu. Walakini, kwa sababu twawaheshimu watabiri, wengi wetu hudhani kwamba kusikia neno la Mungu ni kujua mambo ya kesho: nani atashinda uchaguzi, mvua itanyesha lini, shamba lipi litapata faida. Uongozi ninaousema mimi si wa namna hiyo. Aghalabu hauhusu kesho hata kidogo. Wahusu leo, nao wauliza jambo moja: wewe, mahali ulipo, wapaswa kufanya nini?

Kila ofisi ina visanduku viwili juu ya meza, kimoja cha barua zinazotoka na kimoja cha barua zinazoingia. Fikirini karani ambaye kila asubuhi huandika barua kwa mkubwa wake, akieleza haja zake na kuomba nyongeza ya mshahara, kisha hufunga ofisi na kwenda zake bila kufungua hata barua moja iliyoingia. Karani huyo angefukuzwa kazi kabla ya mwisho wa mwezi. Lakini tazama sala zetu. Twaomba afya, twaomba kazi, twaomba watoto wapite mtihani, kisha twasema Amina na kuondoka mbio. Kisanduku cha barua zinazotoka kimejaa, na kile kingine kina vumbi.

Basi kazi ya kwanza ni kunyamaza. Hili si jambo geni. Mchungaji mmoja wa Marekani, Frank Buchman, aliyezaliwa mwaka 1878 na kufariki mwaka 1961, aliwafundisha watu wa mataifa mengi waamke mapema, wakae kimya mbele za Mungu, na kuandika katika daftari mawazo yaliyowajia. Mawazo hayo yalipimwa kwa vipimo vinne: ukweli, usafi, kutojipendelea, na upendo, vyote kwa ukamilifu. Tangu mwaka 1938 mwendo huo uliitwa Moral Re-Armament, na tangu mwaka 2001 waitwa Initiatives of Change. Hapa kwetu Afrika ya Mashariki, mwaka 1929, Simeoni Nsibambi wa Uganda na daktari Mwingereza Joe Church walikutana katika kilima cha Namirembe, wakakaa siku mbili katika sala na kusoma Biblia pamoja. Uamsho uliotokana na watu wa namna hiyo ulipita Rwanda na Uganda ukafika Kenya katika mwaka 1937. Wazee wengi waliopo hapa wanawakumbuka ndugu wale wa uamsho, waliorudisha vitu walivyoiba na kupatana na adui zao.

Hata hivyo, kunyamaza peke yake hakutoshi, kwa maana katika kimya husikika sauti nyingi. Tumbo lina sauti. Hofu ina sauti. Wivu una sauti nzuri sana, tena hupenda kuazima maneno ya Maandiko. Mtu aweza kuamka kabla ya jua, akafungua daftari lake, na kumsikia shetani kwa ukamilifu. Kwa hiyo tahitaji vipimo, kama vile muuza duka anavyohitaji mizani. Nitaleta mbele yenu vipimo vitatu, na kwa kila kimoja mfano kutoka katika nchi tuliyoizoea.

Kipimo cha kwanza ni kuuliza: Neno hili lamtaka nani atende? Ikiwa yote ninayoyasikia asubuhi ni makosa ya mke wangu, uvivu wa watumishi na ubaya wa jirani, basi sijamsikia Mungu, nimejisikia mwenyewe. Nyani haoni kundule. Neno la Mungu huanza na yule anayelisikia, na akiwa ana nguvu kuliko wenzake, humwanza yeye kwa ukali zaidi.

Hapo Athi River, safari fupi kutoka mahali tulipoketi, kipimo hiki kilipata mtihani mgumu. Baada ya Hali ya Hatari kutangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, serikali ya kikoloni iliweka hapo kambi ya watu walioshukiwa kuwa wa Mau Mau. Waliowekwa kizuizini hawakuhukumiwa na mahakama. Mkuu wa kambi, Kanali Alan Knight, alikuwa mfuasi wa mwendo ule wa Buchman, na mafundisho ya kukaa kimya na kusikiliza yaliingizwa katika kazi ya kuwageuza mioyo wale waliofungiwa. Katika masimulizi ya wafuasi wa mwendo huo, yeye alianza kwa kukiri mbele yao kiburi na ubinafsi wa walowezi wenzake. Ikiwa ndivyo, alianza mahali panapofaa, maana alianza na upande wake mwenyewe.

Lakini waya wa seng'enge ulibaki pale pale. Aliyeshika ufunguo alimwambia aliyefungiwa asikilize dhamiri yake, na huku serikali iliyowapa walinzi ufunguo huo haikuwa tayari kuisikiliza habari ya ardhi iliyowapeleka watu msituni. Katika kambi nyingine nyingi watu walipigwa na kuteswa. Ilikuwa tarehe 6 Juni 2013, zaidi ya miaka hamsini baadaye, ndipo serikali ya Uingereza iliposimama katika bunge lake na kutamka masikitiko yake, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya wadai 5,228. Wengi waliostahili kulisikia neno hilo walikuwa wamekwisha kulala makaburini.

Siyasemi haya ili kuamsha uchungu wa kale. Nayasema kwa sababu yanatuonya. Ni rahisi mno mwenye ufunguo kumhubiria asiye nao. Na leo, mabwana na mabibi, ufunguo wa sanduku la chama u mikononi mwetu. Kabla hatujamwambia mjane ajiulize kwa nini mumewe hakutoa ada, sisi wenye ufunguo yatupasa tujiulize kwanza.

Kipimo cha pili ni hiki: Je, neno nililolisikia naweza kulisema waziwazi mbele ya mtu litakayemgusa, na kungoja jibu lake? Mtoto Samweli alipoitwa usiku, alidhani ni mzee Eli anayemwita, naye alihitaji mzee huyo amweleze ni sauti ya nani. Hata nabii alihitaji mtu wa pili. Ndugu wa uamsho nao walikuwa na desturi ya kuleta mawazo yao mbele ya wenzao, ili yapimwe katika nuru. Wazo linaloogopa kusemwa mbele ya watu, mara nyingi lina sababu ya kuogopa.

Mwaka 1938 wilaya yetu ilijifunza jambo hili kwa maumivu. Udongo wa Machakos ulikuwa ukichukuliwa na mvua, vilima vikabaki uchi, na makorongo yakafunguka. Maafisa wa serikali waliliona jambo hilo, na waliloliona lilikuwa kweli. Lakini uamuzi wao ulikuwa kwamba mifugo ya Wakamba ipunguzwe, na ipunguzwe kwa nguvu. Hawakutazama kwanza jinsi nchi iliyobaki ya Wakamba ilivyobanwa na mashamba ya walowezi na ardhi ya serikali. Ng'ombe walikamatwa na kuuzwa kwa bei ndogo. Ndipo Samuel Muindi Mbingu na wenzake walipowaongoza watu, wanaume kwa wanawake na watoto, wakaenda Nairobi kumwona Gavana. Walikaa huko kwa majuma kadhaa bila silaha, wakingoja kusikilizwa. Muindi Mbingu alikamatwa na kupelekwa Lamu, mbali na watu wake. Lakini kabla ya mwaka huo kwisha, serikali iliacha kupunguza mifugo kwa nguvu.

Angalieni sana jambo hili. Wale maafisa hawakusema uongo juu ya udongo. Walikuwa na nusu ya kweli, na nusu nyingine ilikuwa mikononi mwa watu ambao hawakuulizwa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, ila amwendee na kumwuliza. Mimi naamini kwamba Mungu hugawa uongozi wake kwa makusudi, sehemu kwangu na sehemu kwa jirani yangu, ili tusiweze kuufuata bila kuzungumza.

Kipimo cha tatu: Je, neno hili lanipa kazi ndogo ya kufanya leo, nami nitaifanya hata nisipoona matunda yake? Sauti ya majivuno hupenda mambo makubwa ya mbali. Uongozi wa kweli aghalabu huja na jambo dogo lenye anwani: nenda kwa fulani, rudisha kile, andika barua ile, omba msamaha.

Peter Cameron Scott alikuwa kijana aliyezaliwa Glasgow na kukulia Marekani. Alikwenda Kongo kama mmisionari. Ndugu yake alimfuata huko, akafariki, naye Scott mwenyewe ndiye aliyemzika. Akarudi Ulaya akiwa mgonjwa, lakini neno la kuja Afrika halikumtoka moyoni. Alitazamia mfululizo wa vituo kutoka pwani ya mashariki hadi ziwa Chad. Mwaka 1895 alifika Mombasa na wenzake wachache, wakapanda bara hadi Nzaui, katika sehemu ambayo leo ni Kaunti ya Makueni, wakajenga kituo cha kwanza cha Africa Inland Mission. Mwezi Desemba 1896 Scott alifariki kwa homa, akiwa na umri wa miaka 29. Baadhi ya wenzake walikufa, wengine wakarudi kwao. Mtu angepita Nzaui siku zile angesema: Huyu alijidanganya, hakusikia kitu. Hata hivyo, kutokana na kazi ile iliyoanza kwa makaburi, limekua kanisa la AIC, lenye watu katika kila pembe ya Ukambani na mbali zaidi. Ziwa Chad Scott hakuliona. Alichopewa kufanya kwa mikono yake kilikuwa kazi ya vituo vichache tu katika Ukambani, nayo aliifanya.

Na udongo ule uliowagombanisha watu mwaka 1938? Haukuokolewa kwa amri. Katika miaka iliyofuata, hasa tangu miaka ya 1950, vikundi vya mwethya, vilivyojaa akina mama kuliko akina baba, vilichimba matuta, shamba baada ya shamba, vikitupa udongo upande wa juu kwa namna tuiitayo fanya juu. Wilaya ya Machakos, pamoja na Makueni ya leo, ilikuwa na watu wapatao 240,000 mwanzoni mwa miaka ya 1930. Kufika mwaka 1990 walikuwa karibu 1,400,000. Wataalamu waliochunguza jambo hilo na kuchapa kitabu chao mwaka 1994 walieleza kwamba ijapokuwa watu waliongezeka kiasi hicho, mmomonyoko ulipungua na mavuno yaliongezeka. Hakuna mama aliyeamka asubuhi akasema, Leo nitaiokoa wilaya. Alisema, Leo tutachimba kwa mama fulani, na kesho kwangu.

Sasa nirudi katika maisha yetu, maana mifano mikubwa yaweza kutufanya tusahau mambo madogo. Wewe karani, mama mzee amefika dirishani dakika tano kabla ya kufunga, na karatasi yake imekosa sahihi moja. Kanuni yakuruhusu kumrudisha kesho, nauli yake iwe hasara yake. Je, umesikia kitu? Wewe mwalimu, mtoto amelala darasani. Kabla ya kuchukua fimbo ya maneno makali, je, umeuliza alikula nini jana? Wewe mfanya biashara, mizani yako yajua jambo ambalo wewe na Mungu tu mnalijua. Wewe kijana, simu i mkononi tangu ufunguapo macho hadi uyafumbapo. Mungu akitaka kukupata, atapitia wapi? Wewe mzee, mwanao hajafika nyumbani miaka miwili kwa sababu ya neno moja mliloambiana juu ya shamba. Nani kati yenu atakayetangulia?

Ningependa kuwapa wenye nia shauri jepesi. Tenga robo saa kabla nyumba haijaamka. Weka simu mbali. Soma maneno machache ya Maandiko, au, ikiwa wewe ni wa dini nyingine, yale unayoyaheshimu. Kisha kaa kimya, na penseli i mkononi, maana wino hafifu hushinda kumbukumbu njema. Kila karani ajua hivyo. Andika linalokuja, hata likiwa dogo la kuchekesha. Lipime kwa vipimo vile vitatu. Likipita, lifanye kabla jua halijatua. Siku nyingi hutasikia kitu ila jogoo na maziwa yakichemka jikoni kwa jirani. Usihuzunike. Hata kimya hicho kina faida, kwani mtu aliyezoea kunyamaza mbele za Mungu hujifunza pia kunyamaza mbele ya mkewe, mbele ya mtoto, na mbele ya mjane anayeeleza shida yake polepole.

Bwana Mwenyekiti, sasa nimalize kwa orodha ile. Sikuja hapa kuwaambia wanachama wapige kura vipi, maana hilo lingekuwa kuvunja kipimo changu mwenyewe. Nasema tu lililonijia mimi nilipolitafakari jambo hili asubuhi kadhaa. Kwanza, kwamba kanuni yetu si mbaya. Pasipo ada hakuna chama, na anayetoa kwa taabu kila mwezi ana haki yake. Pili, kwamba orodha inayo majina na tarehe, lakini haina sababu hata moja. Hakuna aliyekwenda kuuliza. Kwa hiyo naomba, kwa heshima, kwamba kabla ya jina lolote kufutwa, wanachama wawili waende nyumbani kwa mwenye jina, wakae, wanywe chai wakipewa, waulize na kusikiliza, kisha waje kuuarifu mkutano. Mimi niko tayari kuwa mmoja wa wale wawili, siku ya Jumamosi, kwa nauli yangu. Huyo mjane awe wa kwanza. Baada ya hapo, mkutano ukiamua kufuta, utakuwa umefuta kwa kujua. Na ukiamua kusaidia, hautakuwa umesaidia kwa haya ya macho ya watu.

Tena naomba jambo moja la mwisho, nalo halina gharama. Kabla ya mtunza hazina kusimama, Bwana Mwenyekiti atupe dakika tatu za kimya. Tusizitumie kumwambia Mungu anachokijua tayari. Tumpe nafasi atuambie tusichokijua, kila mtu kwa habari ya nafsi yake.